Kitako cha Bahasha

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 mama mmoja, mkuu wa shule, aliingia kwenye kiwanda changu kidogo cha uchapaji pale Gerezani, Dar es Salaam, akatua mezani furushi la bahasha za kaki na kuniuliza, "Dada, hizi umezitengeneza wewe?"

Nilizitambua kabla sijazishika. Kaki ya gramu 90, milimita 229 kwa 324, saizi inayopokea karatasi ya A4 bila kuikunja. Tulikuwa tumetengeneza bahasha 600 za namna hiyo kwa ajili ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, ule ambao watoto huuita moko, uliokuwa umeunganisha shule binafsi kadhaa za wilaya moja. Siku ya mtihani wasimamizi walizikata ubavuni kwa mkasi, kama walivyoelekezwa, kwa hiyo sehemu ya kufungia ilibaki kama ilivyokuwa. Sahihi ya katibu wa kamati ilivuka kutoka kwenye ulimi wa bahasha hadi mgongoni bila kukatika. Muhuri ulikuwa mzima, juu yake selotepu, na katikati tone la lakiri nyekundu, gumu kama kokoto. Kwa kuzitazama tu, mtu angeapa kwamba hazikuguswa tangu zifungwe.

Lakini maswali ya hisabati yalikuwa yamezagaa kwenye simu za watu usiku wa kuamkia mtihani.

"Kamati ilikaa jana," mama akasema. "Kwa kuwa bahasha zote zilifika zimefungwa, wameamua kwamba maswali yalitoka ofisini. Karani aliyeyachapa wamemsimamisha kazi. Binti yule namfahamu miaka saba, dada yangu. Roho yangu inakataa."

Bahasha za hisabati zilikuwa 23. Nilizipanga chini ya taa ya meza ya kukagulia uchapaji, nikazitazama moja moja. Ndimi zote zilikuwa salama. Nilipozigeuza ili kuzirudisha kwenye furushi, dole gumba likapita kwenye kitako cha mojawapo, pale chini ambapo sisi wenyewe kiwandani hukunja karatasi na kuibandika kabla bahasha haijamfikia mteja. Nikahisi kijipu. Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Mkunjo haukurudi pale pale ulipokuwa. Ulikuwa umeachana na mstari wake kwa kama milimita moja. Gundi yetu ya wakati ule ilikuwa ya wanga, ile yenye rangi ya asali. Iliyokuwa ikichungulia pembeni ya mkunjo huo ilikuwa ya aina nyeupe, ambayo ikikauka inakuwa kama nailoni. Ilikuwa gundi ya seremala.

Mtu alikuwa ameifungua bahasha kwa chini, akatoa karatasi moja, akaipiga picha, akairudisha na kubandika upya. Lakiri, sahihi, muhuri na selotepu vyote vilikuwa vikilinda mlango wa mbele huku yeye akiingia kwa uani. Na ule uani niliujenga mimi.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikieleza nilichokiona, nikaambatanisha picha. Karani alirudishwa kazini baada ya wiki sita. Aliyeifungua bahasha hakujulikana, kwa sababu ilikuwa imepita kwenye mikono ya watu wengi na hakuna aliyeandika popote kwamba alipoipokea ilikuwaje. Wiki zile sita sikuzisahau. Bahasha yangu ilisimama mbele ya kamati kama shahidi, ikasema haikufunguliwa njiani, na kwa neno lake mtu asiye na kosa akapelekwa nyumbani. Ningeweza kustahimili bahasha dhaifu. Bahasha inayosema uongo ilininyima usingizi.

Kwa muda wa miaka miwili hivi baada ya hapo, karibu kila Jumapili mchana, nilikuwa nafungua bahasha jikoni kwangu. Nilikuwa na daftari la mistari, birika, pasi, wembe, chupa ndogo ya mafuta ya kujazia viberiti na friza. Bahasha moja niliifunga kama mteja anavyofunga, nikaiacha ikauke siku mbili, ndipo nikajaribu kuifungua bila kuacha alama.

Gundi ya wanga haikunichukua muda. Hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au mhogo uliochomwa, nayo huyeyuka kwa maji. Ndiyo maana tunailamba au kuipitishia sponji ili ishike. Kinachoifanya ishike ndicho kinachoifanya iachie. Mvuke wa birika ulitosha, na karatasi ikikaushwa chini ya kitabu kizito inarudi karibu kama ilivyokuwa. Kwa Dar es Salaam kuna taabu nyingine juu ya hiyo: wakati wa masika unyevu wa hewa peke yake hufanya kazi ya birika. Bahasha za gundi ya kulamba zikikaa stoo Aprili nzima, nyingine hujifunga zenyewe, na zilizokwisha kufungwa hujiachia pembeni. Mtu wa Dodoma anaweza asinielewe. Wa Tanga au Mombasa ananielewa.

Gundi nyeupe, ile ya mbao, iliustahimili mvuke vizuri zaidi. Nikafurahi siku mbili tatu, kisha nikaipitishia pasi ya moto wa wastani, ikalainika na kuachia polepole kama uji wa ulezi uliopoa. Nikahamia kwenye bahasha za kubandua utepe, zile ambazo huna haja ya kuzilowanisha, ambazo wengi huziona za kisasa na salama. Moja niliiweka kwenye friza usiku kucha, nikaitoa asubuhi na kuinua ulimi wake taratibu. Ulitoka kwa mlio mdogo mkavu, bila kuchana hata unyuzi mmoja. Gundi ya aina hiyo inakuwa laini na yenye kunata ikiwa kwenye joto la kawaida. Ikipoa sana inakuwa ngumu kama kioo na kupoteza mshiko. Ilipopata joto tena, niliibonyeza ikashika kama hakuna lililotokea. Nilikaa kitini nikaitazama kwa muda mrefu.

Selotepu ya kung'aa juu ya sahihi, ambayo ofisi nyingi huiamini mno, ilitoka kwa matone machache ya mafuta ya kiberiti. Lakiri nayo ina historia yake ndefu ya kukatwa kwa waya wa moto na kurudishwa mahali pake, au kunakiliwa kwa kubonyeza mkate laini juu yake ili kupata umbo la muhuri.

Kilichoandikwa kwenye daftari baada ya Jumapili zile ni kwamba kila gundi ina adui yake, na maadui wenyewe wanapatikana katika kila nyumba. Moja inaogopa maji, nyingine moto, nyingine baridi, nyingine mafuta. Hakuna nitakayoinunua, hata kwa bei gani, isiyoogopa chochote. Lakini mtu akikuta gundi mbili zenye maadui tofauti sambamba kwenye mkunjo mmoja, akileta mvuke ataachanisha ya kwanza huku ya pili ikimshikilia, akileta pasi atakuwa amekwisha kukunjamanisha karatasi. Simzuii. Namfanya achafue.

Katika kipindi hicho nilipata mwalimu ambaye sikumtarajia. Jirani yetu mmoja, mzee sana, alianza kazi ya kuchambua barua zama zile ambazo Posta ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Aliposikia ninachokifanya akaniita barazani kwake.

"Mwanangu, wewe unahangaika na gundi," akasema. "Lete bahasha ndefu, uifunge vizuri, na uniletee sindano mbili za kufumia za mke wangu."

"Shikamoo kwanza, mzee," nikamwambia, maana nilikuwa nimekaa bila kumwamkia.

"Marahaba. Zilete."

Nilimpa bahasha yenye barua ya kurasa mbili. Aliigeuza, akanionyesha pembe ya juu kabisa ya ulimi, pale ambapo mstari wa gundi huishia kabla ya kufika ukingoni. Palikuwa na uwazi wa kama sentimita moja na nusu. Akapenyeza sindano zote mbili kwenye uwazi huo, moja juu ya karatasi na nyingine chini yake, akazibana pamoja, akaanza kuzizungusha. Nilisikia karatasi ikijikunja ndani kama mkeka. Ilipobana vya kutosha akaivuta ikatoka yote kwenye kile kitundu, nyembamba kama kalamu. Kisha akaikunjua, akainyoosha gotini, akaikunja tena kwa sindano na kuirudisha. Muda wote ule gundi haikuguswa.

Aliniambia hila hiyo ni kongwe, wakaguzi wa barua wa wakati wa vita waliijua. Yeye aliifahamu kwa sababu waliofundishwa kuchambua barua walionyeshwa namna ya kuigundua: karatasi iliyotolewa hivyo hubaki na mviringo mdogo usioisha, na pembe ya bahasha hulegea. Nilirudi kiwandani, nikapima bahasha zetu. Zote zilikuwa na uwazi huo pande zote mbili, kwa sababu rola yetu ya gundi ilikuwa fupi kuliko ulimi. Miaka minane nilikuwa nauza bahasha zenye mlango wazi pembeni, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Rola mpya ilikuwa kazi ya siku tatu kwa fundi wa mashine. Hilo nalipita haraka, lilikuwa jambo la vipimo tu.

Lililonishinda kwa muda mrefu zaidi ni utepe wa usalama. Bila shaka umeuona: unaubandika, na mtu akiubandua unaacha maandishi kwenye karatasi na kwenye utepe wenyewe, kwamba umefunguliwa. Siri yake iko katikati ya tabaka. Kati ya plastiki ya juu na gundi kuna maeneo yaliyopakwa kitu kinacholegeza mshiko, katika umbo la herufi. Ukivuta, gundi inaachana na plastiki mahali pengine na kubaki nayo mahali pengine, na herufi zinatokea. Ni kazi ya akili sana. Niliagiza maboksi mawili, nikawauzia wale wale wa mtihani mwaka uliofuata, kwa fahari kubwa.

Kaki ni karatasi yenye vumbi na nyuzi. Utepe uliotengenezwa kwa ajili ya sehemu laini haukuishika kwa usawa. Bahasha zilisafirishwa kwenye boksi la bati nyuma ya gari, juani, na zilipofika baadhi ya tepe zilikuwa zimeinuka pembeni na kuonyesha herufi zenyewe, bila mkono wa mtu. Zilikuwa 12 kati ya zote. Kituo cha kwanza walisimamisha mtihani, wakapiga simu, wakachelewa saa nzima. Kituo cha pili walichelewa nusu saa. Siku ya tatu msimamizi mmoja aliniambia kwa uwazi kabisa, "Dada, hayo maandishi tumeyazoea, yanatokea tu."

Neno lile liliniogopesha kuliko mvuke na friza. Mbwa anayebwekea kila upepo, siku ya mwizi hakuna anayeamka. Nilikuwa nimewafundisha walimu wale kupuuza alama, na mtu yeyote aliyekuwa na nia mbaya mwaka ule angeweza kufungua anavyotaka, halafu akasema ni jua. Tangu hapo kila alama niliyoifikiria niliipima mara mbili: itatokea bahasha ikifunguliwa? Na je, itanyamaza isipofunguliwa, hata ikipita kwenye unyevu wa Pangani, jua la Chalinze na mikono yenye jasho? Swali la pili ndilo gumu. Wauzaji wa tepe hawakuwahi kunijibu.

Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akisoma uhandisi, alinichapishia makala za mtu mmoja wa Marekani, Roger Johnston, aliyeongoza kikundi cha kupima udhaifu wa vifaa vya ulinzi katika maabara ya Los Alamos, na baadaye Argonne. Wao walijaribu zaidi ya aina 200 za lakiri na vifungio vya kuonyesha kuguswa, za bei ndogo na za bei kubwa mno, wakakuta zinaweza kuhadaiwa kwa vifaa vya kawaida, mara nyingi kwa dakika chache. Nilipata faraja ya ajabu kusoma hayo. Jambo alilolisisitiza, ambalo nililibandika ukutani juu ya mashine ya kukatia, ni kwamba kufuli na lakiri ni vitu viwili tofauti kabisa: kufuli linazuia, lakiri inashuhudia. Na ushahidi wake unategemea mtu anayeikagua, kama anajua anatafuta nini.

Kijana huyo huyo ndiye aliyenionyesha picha za barua za kale. Karibu miaka 4,000 iliyopita wafanyabiashara wa mji wa Kanesh, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, waliandika barua kwenye vibamba vya udongo, wakavifunika kwa bahasha ya udongo vilevile, wakabiringisha mihuri yao juu yake. Kuisoma ilibidi uivunje. Na Malkia Mary wa Scotland, usiku wa kuamkia kukatwa kichwa, tarehe 8 Februari 1587, aliandika barua kwa shemeji yake Henri III, mfalme wa Ufaransa, akaifunga bila bahasha yoyote. Barua ya namna hiyo hukatwa kijitepe chembamba kutoka kwenye karatasi ile ile, ikatobolewa, kijitepe kikapenyezwa na kuzungushwa kwenye matundu hadi karatasi ijifunge yenyewe kwa mwili wake. Hakuna anayeweza kuifungua bila kuchana kitu, na kilichochanika hakishoneki. Leo watafiti wa hifadhi za nyaraka, kama Jana Dambrogio wa chuo cha MIT, wameifanya elimu kamili.

Nilizitazama picha zile, nikaona kosa langu. Nilikuwa natafuta gundi isiyoachia. Watu wa kale waliiachia karatasi yenyewe kazi ya kutoa ushahidi, kwa kuchanika. Karatasi iliyochanika haihitaji mtaalamu. Hata mtoto anaiona.

Kuanzia hapo bahasha yetu ilibadilika kwa miezi michache kuliko ilivyobadilika kwa miaka minane. Tulichora umbo jipya la kukatia, tukaliweka kwenye mashine yetu kuukuu ya Heidelberg, ile ambayo mikono yake huzunguka kama feni. Kitako hakibandikwi tena. Ni mkunjo mtupu wa karatasi moja, hakuna cha kufungua pale. Maungio yote yalihamia mbavuni na yakapanuliwa hadi milimita 25, kwa gundi mbili sambamba. Juu ya kila ungio tulichapa mistari myembamba ya mawimbi, inayoanzia upande mmoja na kuvuka kwenda wa pili. Ukibandua na kubandika tena, mistari haikutani. Jicho la binadamu lina kipaji hapo: halitaona gundi iliyobadilika, lakini mstari uliovunjika kwa nusu milimita litauona likiwa mbali na dirisha.

Kwenye ulimi tukakata vijitundu vya nusu mwezi, safu mbili, zisizokwenda hadi mwisho. Anayeinua ulimi kwa ncha ya wembe anakuta unachanika kwenye nusu mwezi ya kwanza, akienda polepole unachanika kwenye ya pili. Hapo ndipo nilipogombana na fundi wangu mkuu kwa wiki nzima. Yeye aliona tunaidhoofisha bahasha, na kwa fundi aliyejifunza kazi kwa kujali uimara, kutoboa kitu ulichokijenga ni kama tusi. Alikuwa na hoja. Zikikatwa ndefu mno, bahasha inachanika kwenye mikono ya mbebaji mwema, na tunarudi kwenye kosa la utepe. Tulijaribu vipimo vitano, tukivitupa ndani ya boksi kutoka urefu wa meza na kuvibeba garini hadi Kibaha na kurudi, mpaka tukapata ule unaovumilia safari lakini hauvumilii wembe.

Wino wa maji ulitusumbua pia. Nilitaka mstari mmoja unaotapakaa ukiguswa na mvuke. Wino wa kawaida wa ofseti ni wa mafuta, hautapakai, kwa hiyo tuliuchapa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino upite kwenye kitambaa cha wavu. Toleo la kwanza lilitapakaa kwa jasho la vidole vya waliofungasha. Tukauficha chini ya ukingo wa ulimi, mahali ambapo kidole hakifiki lakini mvuke unafika. Hadi leo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, ingawa wateja wengi hawajui kuwa ipo.

Halafu namba. Kila bahasha ina namba yake, na namba hiyo inajirudia kwenye kishina kinachochanwa wakati wa kufunga na kubaki kwa mfungaji. Orodha ya namba haisafiri pamoja na bahasha. Hilo ni muhimu, kwa sababu mtu mwenye subira anaweza kuchana bahasha yako yote, akaitupa, akaweka vitu kwenye bahasha nyingine inayofanana nayo, mpya kabisa, isiyo na doa. Hapo nyuzi za karatasi, mistari na wino vyote vitasema ukweli kuhusu bahasha isiyo yenyewe.

Nilipopeleka toleo hilo kwa kamati, nilitoa sharti moja. Nitawauzia bahasha wakinipa asubuhi moja na wasimamizi wao. Ilikuwa shida kulikubali, walidhani natafuta posho. Siku ile niliwapa kila kundi bahasha kumi, nikawaambia baadhi yake nimezifungua na kuzifunga tena. Zilikuwa nne. Kundi la kwanza lilipata moja. La pili halikupata hata moja, na likazishuku mbili ambazo sikuzigusa. Wote walitazama ulimi, na wote walitazama muhuri. Sikuwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha bahasha iliyofunguliwa inafananaje. Tunawapa watu alama tukidhani macho yao yanajua kuzisoma.

Basi niliwaonyesha. Geuza, tazama mbavu, pitisha dole gumba kwenye maungio, inamisha kwenye mwanga uone kung'aa kwa gundi, soma namba kwa sauti, mwenzako aitafute kwenye orodha. Sekunde ishirini hivi. Baada ya saa moja makundi yote yalipata zote nne. Kila kituo kilipewa bahasha mbili za mfano, moja nzima na moja iliyochezewa, ili asubuhi ya mtihani mtu asitegemee kumbukumbu. Na tukakubaliana kwamba kila mikono inayopokea inatia sahihi kwamba imekagua, pamoja na saa. Mama yule mkuu wa shule ndiye aliyelishikilia hilo la saa. Hakusema kwa nini.

Bahasha zetu hazikuwa ngumu kuvunja. Nataka hilo lieleweke, maana wapo wanaouza karatasi kwa maneno ya kutisha. Mtoto wa miaka sita anazifungua. Ninachouza ni kwamba hatazifungua kimya kimya, na kwamba atakayezikuta zimefunguliwa atajua zilikuwa nzima saa ngapi na mikononi mwa nani. Aliyezibeba kwa uaminifu anaweza kusema, "Mimi nilizitoa hivi," na maneno yake yakawa na kitu cha kuegemea. Yule karani hakuwa na cha kuegemea.

Mwaka 2017, siku ya kupakia, nilikuwepo mwenyewe kwenye ua wa shule iliyokuwa ikigawa mitihani. Dereva alikuwa kijana mgeni kwenye kazi hiyo. Boksi lilipofunguliwa mbele yake hakukimbilia kutia sahihi. Alitoa bahasha moja baada ya nyingine, akageuza, akapitisha dole gumba, akasoma namba, na karani wa kike aliyesimama upande wa pili akawa anaweka alama kwenye orodha. Gari lilikuwa linanguruma. Mwalimu wa nidhamu akawa anatazama saa.

Kwenye bahasha ya kumi na tisa kijana akasimama. Akaiinamisha kwenye mwanga, akaipitisha tena kidole.

"Hii siichukui," akasema.

Nikaomba niitazame. Ubavuni, kwa chini, mistari ya mawimbi ilikuwa imepishana. Moyo ulinilipuka. Nikatoa kioo changu, nikakagua gundi: ni yetu, zote mbili, zimekauka pamoja, hazijaguswa. Nyuzi zote nzima. Ilikuwa imekunjwa vibaya kiwandani kwetu na ikatupita.

"Haijafunguliwa," nikamwambia. "Ni kosa letu la kukunja."

"Sawa, mama," akajibu kwa heshima, huku bado ameinyoosha mkononi kunirudishia. "Lakini huko mbele nikiulizwa, wewe hutakuwepo."

Katibu akaitwa, bahasha ikachanwa mbele ya wote, karatasi zikahesabiwa na kuingia kwenye bahasha nyingine, namba ya zamani ikakatwa kwenye orodha na mpya ikaandikwa. Tulichelewa dakika kumi na mbili. Kijana akaikagua ile mpya kwa utaratibu ule ule, akatia sahihi, akaandika saa.

Nilirudi Gerezani na ile iliyochanwa, nikampa fundi wangu. Tulikaa na mashine hadi saa nne usiku tukitafuta mahali karatasi inapoteleza.